Mshahara upimwe kwa unga: hotuba juu ya ma-asistanti sosiali wa Likasi

Hotuba iliyotolewa Likasi, komini ya Kikula, katika mkutano wa vijana wa vuguvugu letu pamoja na ma-asistanti sosiali, walimu na ba mama wa soko. Tunaiweka hapa kama ilivyosemwa, kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.



Najua kuna waliotoka Panda na Shituru kwa miguu, maana pikipiki nayo imekuwa bei. Tulipotangaza mkutano huu watu wengi walituuliza: "Sasa kwa nini asistanti sosiali? Mwalimu je? Infirmie je? Polisi je? Wote wanalia." Ni kweli, wote wanalia, na tutarudi kwa swali hilo. Lakini leo tunataka kuuliza jambo moja: mtu ambaye sheria imemkabidhi watoto wetu walio katika shida, yeye mwenyewe anakula nini? Na kama hali, watoto wale wanabaki mikononi mwa nani?

Kwanza, tujue tunamzungumzia nani

Wengi wetu tukisikia "asistanti sosiali" tunafikiri ni mtu wa kugawa blanketi wakati mvua imebomoa nyumba. Anafanya na hiyo. Lakini sheria inamdai zaidi. Tarehe 10 Januari 2009 nchi yetu ilipata sheria namba 09/001 juu ya ulinzi wa mtoto. Sheria ile inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajafikia miaka 18. Ndiyo iliyoleta tribunali za watoto. Na inapozungumza juu ya mtoto aliye katika hali ngumu, yule aliyeachwa, anayelala inje, anayeteswa, anayefanyishwa kazi ya hatari, yule wanayemwita mulozi, inamtaja asistanti sosiali. Ndiye anayekwenda nyumbani kwa mtoto kuuliza na kutazama. Ndiye anayemwandikia mwamuzi ripoti. Mwamuzi anakaa tribunali, hawezi kujua kama shangazi yule anampenda mtoto kweli au anamtafuta mtumishi wa bure. Anategemea macho ya asistanti.

Tuchukue dosie moja, ya namna ambayo kila asistanti aliye hapa ameshika mara nyingi. Mtoto wa miaka tisa amefukuzwa nyumbani. Bibi yake alikufa, na katika kanisa moja la chumba cha uani wakasema ni yeye ndiye aliyemla. Katiba yetu, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, na sheria ya 2009 inamwadhibu anayefanya hivyo. Vizuri. Lakini katiba haipandi pikipiki kwenda kumtafuta baba wa mtoto. Asistanti ndiye anayepanda.

Atakwenda kwa shefu wa kartie. Atakwenda nyumbani asubuhi, aambiwe baba yuko kwenye kariere, arudi jioni. Atatafuta mama mdogo wa mtoto, labda yuko Kambove. Atampeleka mtoto hospitali kwa sababu ya vidonda. Atampeleka tribunali. Atatafuta familia ya kumpokea. Kisha kazi yenyewe inaanza: kurudi baada ya wiki moja, baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, kuona kama mtoto anakula na ndugu wengine au anakula peke yake nyuma ya mlango. Hesabuni safari hizo: hazipungui kumi. Kila safari ina pikipiki, ina uniti za simu, ina karatasi na fotokopi. Ni dosie moja. Na yeye ana ngapi mezani?

Analipwa namna gani?

Hapa ndipo mambo yanachanganya, na tunataka kila mtu atoke hapa ameelewa, kwa sababu kutoelewa kwetu ndiko kunakowasaidia wakubwa.

Kuna makundi manne. Kundi la kwanza ni maajenti wa serikali walio "mekanize": majina yao yameingia katika mashini ya kulipia, wanapokea mshahara wa msingi na primi kupitia banki. Kundi la pili ni wale wanaopokea primi tu, mshahara wa msingi hawajauona. Kundi la tatu ni wale wenye barua ya kazi, labda na matrikule, wanasaini daftari kila asubuhi, lakini banki haiwajui. Hao ndio "nuveli inite", na wengine wamezeeka na jina hilo la "wapya". Kundi la nne hawako kwa serikali kabisa: wanafanya katika nyumba za watoto, katika makanisa, katika mashirika, kwa mikataba ya miezi sita au kwa kile wanachoita "kitu ya kuwatia moyo".

Watu hao wote wanafanya kazi ileile. Wanaweza kukaa ofisi moja, meza moja. Mmoja anapokea, wa pili anapokea nusu, wa tatu anamtazama tu. Halafu projekti ya inje inafika, inachukua asistanti mmoja, inamlipa kwa dola kwa miaka miwili. Projekti ikifungwa, gari linaondoka, tarakilishi inaondoka, na watoto waliokuwa wanafuatwa wanabaki katika daftari. Mama mmoja wa kazi hiyo alituambia neno ambalo linatosha: "Mushahara inafika leo, kesho iko ya deni." Yeye angalau anapokea.

Sheria zinasema nini juu ya pesa

Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na ni wajibu mtakatifu, na kwamba serikali inahakikisha malipo ya haki na ya kutosha, yanayompa mfanyakazi pamoja na jamaa yake maisha ya heshima ya binadamu. Sikilizeni vizuri: "pamoja na jamaa yake." Katiba haisemi mshahara wa kumfikisha mfanyakazi kazini kesho tu. Inasema mke, mume, watoto, wale wanaomngoja nyumbani.

Februari 2004, kule Mbudi, Kinshasa, serikali na sendika za maajenti wa serikali walisaini mapatano. Walikubaliana kwamba wa chini kabisa, yule wa kufungua mlango na kubeba barua, apate dola 208 kwa mwezi, na wa juu kabisa, Katibu Mkuu, apate dola 2,080. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule sasa ni mtu mzima, anapiga kura. Mapatano ya Mbudi hayajatimizwa. Asistanti mwenye diploma hapa Likasi bado anauota mshahara ambao uliahidiwa kwa mlinda mlango.

Sasa tutazame mshahara wa chini kabisa, ule wanaouita SMIG. Huu ni wa wale walio chini ya Kodi ya kazi: makampuni, nyumba za watoto za watu binafsi, mashirika. Maajenti wa serikali wana statuti yao, sheria namba 16/013 ya 15 Julai 2016. Lakini SMIG inatuonyesha namna mshahara unavyooza.

Mwaka 2008 SMIG iliwekwa franka 1,680 kwa siku. Wakati ule ilikuwa karibu dola 3. Ikakaa hapo miaka kumi. Kufika 2018, dola moja ilikuwa karibu franka 1,600: zile dola 3 zimekuwa dola moja, na hakuna aliyekata mshahara wa mtu hata franka moja! Tarehe 22 Mei 2018 dekreti mpya ikaiweka franka 7,075 kwa siku. Ilikuwa zaidi kidogo ya dola 4. Ikakaa tena miaka saba. Mwaka 2024 dola ilipita franka 2,800. Fanyeni hesabu: 7,075 ikawa dola mbili na nusu. Kwa mwezi wa siku 26 za kazi ni franka 183,950. Mwaka 2018 ulikuwa mshahara wa dola 115. Mwaka 2024 ukawa wa dola 65. Karatasi ni ileile, namba ni ileile, tumbo ndilo limebadilika.

Mwaka 2025 serikali iliongeza: franka 14,500 kwanza, kisha 21,500 kuanzia Januari 2026. Tunasema asante pale asante inapostahili. Siku 26 kwa 21,500 ni franka 559,000. Lakini tunauliza maswali mawili. La kwanza: katika nyumba ngapi za watoto na mashirika mangapi hapa Likasi mama anayelea watoto wa watu usiku kucha anapokea hizo 559,000? Ninyi mnaofanya huko mnajua jibu. La pili: itakaa hapo miaka mingapi? Saba? Kumi? Mshahara unaongezwa siku moja kwa kelele, kisha unaliwa miaka kumi kimya kimya.

Mtaniambia: mwisho wa 2025 dola ilishuka, franka ikapata nguvu. Ni kweli, ilishuka chini ya 2,500. Je, bei ya soko ilishuka nayo? Ba mama, ninyi ndio mtajibu. (Sauti: "Hapana!") Bei inajua kupanda ngazi, kushuka haikujifunza.

Kikapu cha Likasi

Sitawatajia bei leo, maana kabla hotuba hii haijasomwa bei itakuwa nyingine. Nitawatajia vitu na vipimo, bei mtaweka wenyewe.

Chukueni nyumba ya watu saba: baba, mama, watoto wanne na bibi. Hapa Katanga bila bukari hatujala. Nyumba hiyo haiwezi kupita mwezi na mfuko mmoja wa unga wa kilo 25. Iko na bahati kama miwili inatosha. Wekeni bei ya mifuko miwili. Ongezeni makala, mfuko mkubwa mmoja au zaidi, kwa sababu umeme wa SNEL unakuja kama mgeni. Ongezeni mafuta, chumvi, sabuni, sombe au lengalenga kila siku, na ndakala au tomson mara chache, ili watoto wasisahau ladha. Ongezeni nyumba: kodi ya mwezi, na ile garanti ya miezi mingi ambayo mwenye nyumba anaidai siku ya kwanza. Ongezeni maji, kwa bidoni, pale mfereji umekauka. Ongezeni shule. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali ni bure, sawa, lakini sekondari si bure, na kalamu, yunifomu na viatu havikuwa bure hata siku moja. Hesabuni ugonjwa mmoja wa malaria kwa mwezi, mmoja tu.

Mmepata ngapi? Wekeni namba hiyo kando ya mshahara wa asistanti wa kundi la kwanza. Kisha kando ya primi ya kundi la pili. Kwa kundi la tatu hamna haja ya karatasi.

Na mjue kwa nini unga wetu ni wa wasiwasi. Tunakaa juu ya ardhi nzuri, lakini sehemu kubwa ya mahindi tunayokula inatoka Zambia, inapita Kasumbalesa, inapanda barabara mpaka Lubumbashi, kisha kilomita 120 zingine mpaka kwetu. Zambia ikifunga mkono, sisi tunafunga tumbo. Mwaka 2023 tuliona unga ukipanda mpaka watu wakapigania mifuko. Mwaka 2024 Zambia yenyewe ilipigwa na ukame, rais wao akatangaza msiba wa taifa mwezi wa pili. Agosti mwaka uleule mpaka ulifungwa siku chache kwa ajili ya ugomvi wa biashara ya vinywaji, na Katanga yote ikashika moyo. Chakula chetu kinategemea mvua za nchi nyingine na hasira za wakubwa wa mipaka miwili.

Makala nayo ni aibu yetu. Mwadingusha iko hapa jirani, kwenye mto Lufira. Turbini zake zilianza kuzunguka mwaka 1930. Karibu karne nzima mto wetu unatoa umeme, na mama wa Likasi bado anapuliza makala.

Si mara ya kwanza Likasi inauliza

Vijana, mtu akiwaambia kwamba kudai mshahara ni mambo ya kuletwa na wazungu au na wapinzani, mwambieni asome historia ya muji huu.

Desemba 1941 muji uliitwa bado Jadotville. Vita vya dunia vilikuwa vinawaka, shaba yetu ilitakiwa sana, bei za vitu zilikuwa zimepanda, mshahara wa wafanyakazi weusi wa Union Minière ulikuwa umelala. Babu zetu waliweka vyombo chini, hapa Jadotville na Elisabethville. Hawakuomba uhuru siku ile. Waliomba mshahara unaofanana na bei ya nguo na ya chakula. Jibu lilikuwa risasi. Tarehe 9 Desemba 1941, Elisabethville, askari walipiga watu waliokusanyika uwanjani, makumi wakafa, na Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, alikuwa kati yao. Walikufa juu ya hesabu ileile tuliyoifanya hapa sasa.

Jambo lingine la historia. Wazee wanakumbuka poso. Union Minière, na baadaye Gécamines, walimpa mfanyakazi mshahara na pia poso: unga kwa kilo, kulingana na watu wa nyumbani. Hatusemi Union Minière ilikuwa malaika. Ilitaka mikono yenye nguvu, ikaihesabia chakula kama mtu anavyohesabia mashini mafuta. Lakini ilielewa jambo moja ambalo serikali yetu haijalielewa: franka inaweza kudanganya, kilo ya unga haidanganyi. Katika makambi ya Panda na Shituru kulikuwa pia fuaye sosiali, na wafanyakazi wa kijamii waliolipwa kila mwezi. Kazi ya sosiali ilikuwa kazi, na mwenye kuifanya alikuwa mfanyakazi kama wengine.

Kisha tukaona mwisho wake. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka. Miaka michache mbele uzalishaji ulikuwa umeporomoka kabisa, mishahara ikakatika miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 walitolewa kwa ile waliyoiita "kuondoka kwa hiari". Hiari gani? Nyumba zikavunjika, watoto wakatoka shule, wakaenda kuosha mawe na kubeba mifuko. Wale ndio watoto ambao ma-asistanti walianza kuwafuata bila pikipiki. Wengine ni baba wa watoto wanaofuatwa leo.

Anayelipa deni ni mtoto

Sasa nitasema neno gumu, na ninyi ma-asistanti mtanivumilia, kwa sababu nalisema kwa ajili yenu.

Mkono mtupu haulambwi. Asistanti asiye na mshahara akifika kwa familia na dosie, ataomba "kitu ya transport". Mara ya kwanza ni transport kweli. Mara ya pili ni unga wa watoto wake. Mara ya tatu imekuwa matabishi, na kila mtu katika kartie anajua bei. Baba mwenye pesa ataandikiwa ripoti nzuri. Bibi asiye na kitu, anayempenda mjukuu wake, atasubiri. Hapo hakuna tena ulinzi wa mtoto. Kuna soko, na mtoto ndiye bidhaa.

Wako wanaokataa matabishi. Tunawajua, wengine wamekaa hapa. Wanauza mikate asubuhi kabla ya kazi, wanalima Jumamosi, wanafundisha usiku. Tunawapa heshima yetu yote. Lakini nchi haiwezi kujengwa juu ya watu kuwa watakatifu. Mtu wa kawaida, mwenye moyo wa kawaida, lazima aweze kufanya kazi hii bila kuiba na bila kufa njaa. Mshahara ni ukuta kati ya mtoto na yule anayetaka kumnunua.

Njo maana tumeanza na ma-asistanti. Si kwa sababu mwalimu na infirmie wanalia kidogo. Ni kwa sababu mwalimu asipolipwa, wazazi wataona darasa tupu, watapiga kelele. Infirmie asipolipwa, mgonjwa atapiga kelele. Asistanti asipolipwa, anayeumia ni mtoto asiye na mzazi, na kelele yake haifiki popote. Sisi tumeamua kuwa kelele yake.

"Pesa hakuna"

Watatuambia: pesa hakuna. Tuwajibu kwa utulivu, na sheria mkononi.

Kodi ya migodi iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018 inasema ile redevance ya migodi igawanywe hivi: asilimia 50 kwa serikali ya Kinshasa, asilimia 25 kwa provensi, asilimia 15 kwa muji, komini, sekta au shefferi ambamo uchimbaji unafanyika, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hiyo, kampuni inatoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na migodi. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Malori yanapita kwenye barabara yetu mchana na usiku, tunayahesabu kwa vumbi.

Kwa hiyo swali si kama pesa iko. Swali ni: iliingia ngapi, ilitoka ngapi, ilinunua nini? Tumeona pesa za namna hiyo zikijenga uzio na kupaka ofisi rangi. Mtoto halali ndani ya rangi.

Wengine watasema, "Sheria hairuhusu komini kulipa maajenti wa serikali kuu." Sawa. Lakini hakuna sheria inayokataza komini kulipa pikipiki ya asistanti anayefuata mtoto wa komini ileile, kumpa karatasi, kusaidia familia inayopokea mtoto. Waanzie hapo, tutaona nia yao.

Tunadai nini

Kwa serikali ya Kinshasa. Moja: orodha ya maajenti wa mambo ya kijamii isafishwe mbele ya watu, walio kazini kweli waingizwe katika mashini ya kulipia, majina ya uongo yatoke. Mbili: kazi moja, malipo ya namna moja, hatutaki tena meza moja yenye watu watatu na haki tatu. Tatu: mapatano ya Mbudi yafunguliwe upya, na safari hii yawekewe kalenda. Nne: mshahara na SMIG vitazamwe kila mwaka kulingana na bei za soko za kila provensi, si kila baada ya miaka saba kwa bei za Kinshasa.

Kwa provensi ya Haut-Katanga. Tano: sehemu inayojulikana ya ile asilimia 25 iwekwe katika bajeti kwa ulinzi wa mtoto, iandikwe kwa mstari wake na jina lake.

Kwa muji wa Likasi na komini zake nne, Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Sita: bandikeni mlangoni, kila miezi mitatu, pesa ya migodi iliyoingia na namna ilivyotumika. Ukurasa mmoja unatosha. Saba: fungueni kasha ya transport kwa dosie za watoto, na risiti zake zionekane.

Kwa wenye nyumba za watoto na mashirika. Nane: lipeni SMIG. Hauwezi kulinda haki ya mtoto kwa kukanyaga haki ya mama anayemlea.

Na sisi je?

Vuguvugu letu haliji hapa kusoma madai na kwenda kulala. Tunaahidi mambo matatu, mtatuuliza.

La kwanza, hesabu ya kikapu. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi vijana wawili wawili watapita katika masoko ya muji, na vitu vilevile, vipimo vilevile: unga, makala, mafuta, sombe, samaki, sabuni, maji. Wataandika bei na tutaitangaza. Baada ya mwaka mmoja hakuna mkubwa atakayetuambia kwamba maisha hayakupanda. Ba mama wa soko, tunaomba msiwafukuze. Hawatoki kwa watoza kodi.

La pili, barua. Tutaandikia kila komini kuomba hesabu ya redevance. Wakikaa kimya, tutaandika tena. Wakikaa kimya tena, tutakaa mbele ya ofisi na mabango yetu, baada ya kumjulisha mkubwa wa muji kwa maandishi, kama kifungu cha 26 cha katiba kinavyotaka. Bila jiwe, bila matusi, bila tairi kuwaka. Anayekuja na jiwe si wetu, mtuonyeshe.

La tatu ni kwenu, ma-asistanti. Katiba inawapa haki ya kuingia sendika, kifungu cha 38, na haki ya kugoma, kifungu cha 39. Mmegawanyika: mekanize upande huu, wasiolipwa upande ule, wa projekti hawapokei simu. Mkibaki hivyo, watawapa mmoja mmoja kipande cha mkate na ninyi mtashukuru. Andikeni orodha yenu wenyewe: nani anafanya, wapi, tangu lini, anapokea nini. Orodha hiyo ndiyo silaha ya kwanza, na haiui mtu.

Na ninyi wengine wote, wiki hii fanyeni jambo dogo. Nendeni mjue asistanti wa kartie yenu ni nani. Jina lake, ofisi yake. Akija na dosie ya mtoto, mpeni kiti, mwambieni ukweli, na msimpe bahasha. Kisha njooni mwandike jina lenu katika daftari pale mlangoni, kwa ajili ya Jumamosi ya kwanza.

Babu zetu wa 1941 walidai mshahara unaofanana na bei ya soko. Sisi tunadai jambo lilelile, na tunayo katiba ambayo wao hawakuwa nayo. Tuitumie.

Maswali sasa, na ba mama waanze.